Kofia Iliyogeukia Ukuta

Nilifungua mlango nikakuta kofia ya mwanangu imenipa mgongo.

Ufunguo wa chumba kile ulikuwa shingoni mwangu, kwenye uzi mmoja na msalaba wangu. Ufunguo wa pili tulizika nao marehemu mume wangu. Ulisahaulika kwenye mfuko wa koti tulilomvalisha, na tulipokumbuka, kaburi lilikuwa limeshafukiwa.

Sasa niambieni, nani aliingia?

Nilisimama pale kizingitini. Maana katika chumba kile, kofia kugeukia ukuta si jambo la mchezo. Ina maana moja tu.

Ina maana mwenyewe amekufa.

Ngoja niwaeleze vizuri, msije mkasema mama wa watu amechanganyikiwa.

Mume wangu alikuwa fundi viatu. Kibanda chake kilikuwa kimegandana na nyumba yetu, mlango wake ukitazama uchochoro wa nyuma. Kambi ya ndege za jeshi haikuwa mbali, na marubani walimletea buti zao kushonwa. Siku moja rubani mmoja mzee, aliyekuwa anastaafu, alimletea kofia ya ngozi ya zamani kabisa, mkanda wa kidevuni umekatika.

"Fundi, shona hii," akamwambia. "Halafu baki nayo. Kwangu wajukuu wataichezea mpira."

Hapo ndipo ugonjwa ulipoanza.

Wapo wanaume wanaokusanya wanawake. Wangu alikusanya kofia za marubani wa kivita. Nilimshukuru Mungu nikafunga mdomo.

Alizipata kwa wanajeshi, kwa wauza vitu vikuukuu, na kwa wendawazimu wenzake wa mbali waliokuwa wakibadilishana naye kwa posta. Chumba tulichokuwa tumewawekea wageni kikawa cha kofia. Wageni wakawa wanalala sebuleni.

Mimi shule niliishia ya msingi, lakini historia ya zile kofia naijua kama sala, kwa kuisikia kila alipoingia mtu.

"Hizi za ngozi zenye manyoya ndani," angeanza, huku mgeni akitafuta pa kukimbilia, "ni za enzi ambazo ndege hazina paa. Rubani amekaa kwenye upepo mkali kama mtu aliyepanda juu ya mzigo wa lori. Injini inamtemea mafuta ya mbarika usoni. Nusa, bado yananukia!"

Mgeni ananusa. Mimi nilikuwa nasikia harufu ya ngozi kuukuu tu, ila sikutaka ugomvi.

"Hizi za kitambaa ni za nchi za joto. Unaona hivi vifuko vya masikioni? Hapo vilikaa vipokea sauti. Hapo ndipo rubani alipoanza kusikia sauti za watu walioko chini." Kisha angesogea hadi rafu ya mwisho. "Na hizi ngumu zilikuja ndege zilipoanza kwenda kasi ya kutisha. Ukiyumbishwa, kichwa kinagonga kioo cha juu. Ngozi ingezuia nini hapo?"

Zile ngumu ndizo nilizoziogopa. Zina kioo cheusi usoni na barakoa ya hewa mdomoni. Unazitazama, zinakutazama, na uso hauuoni.

Kwa sababu kila kofia ilikuwa na kichwa.

Fundi viatu hushona kiatu juu ya kalibu, yaani mguu wa mti. Basi mume wangu akasema na kofia nayo haiwezi kukaa tupu, itaporomoka kama mashavu ya mzee asiye na meno. Kila kofia aliipima kwa ndani, kwa vidole na uzi, halafu akachonga kichwa cha mti cha kuijaza sawasawa. Hakikulegea, hakikubana.

Chumba kizima ni vichwa. Vyote vinatazama mlango.

Isipokuwa vile vilivyogeuzwa ukutani.

Hiyo ilikuwa sheria yake mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Akishapata hakika kwamba mwenye kofia alikufa angani, anakigeuza kile kichwa kitazame ukuta. "Huyu ameshashuka," alikuwa akisema. "Asisumbuliwe tena kutazama mlango." Hakugeuza ovyo. Wauzaji wengi huapa kwamba aliyeivaa alikufa nayo, kwa kuwa kofia ya marehemu hugombewa. Yeye aliuliza, akaulizia, akaandikia watu. Wakati mwingine ilipita miaka ndipo anageuza kimoja. Na siku hiyo anavua kofia yake mwenyewe, anasimama kimya.

Mwanetu wa pekee alikua katikati ya vichwa vile. Mlitegemea awe nani? Akawa rubani wa jeshi.

Alipomaliza mafunzo alikuja nyumbani na kofia yake ya kwanza, nyeupe, ngumu, imekwaruzika juu ya sikio la kulia. Ndani ilikuwa na namba tu, jina haina. Alikuja na rafiki yake waliyesoma naye urubani, kijana mrefu wa kucheka kila saa. Mimi nilimbandika jina la Kicheko, na yeye akalipokea.

Mume wangu akaingia kibandani na ile kofia, akachonga. Alipokitoa kichwa nje, nilishindwa kujizuia.

"Baba, hiki ni kichwa au tikiti? Mwanao ana kichwa kidogo kama changu!"

Mume wangu alicheka mpaka akakohoa. "Jeshi limemkuza kichwa, mke wangu."

"Na mke atampata wapi na kichwa hicho?"

Akanitazama kwa jicho nisilolielewa. Akaiweka kofia rafu ya katikati, inatazama mlango.

Nikaiwekea kiganja juu, nikasali. Nikataja jina la mwanangu, nikamwomba Mungu ampandishe na kumshusha salama. Kicheko alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Mama, na mimi je? Niombee basi."

"Wewe una mama yako, baba. Kila mama na wake."

"Wangu hana muda, mama. Ni mkunga. Kutwa anazalisha watu." Akacheka, akamtazama mwanangu, naye akacheka. "Haya, si neno. Wewe weka tu huo mkono. Unatosha."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kabla sijabeba mzigo wangu, niliweka mkono juu ya ile kofia. Mimi hufua na kupiga pasi mashuka ya nyumba ya wageni. Mikono yangu ina mipasuko ya sabuni, ila ile kofia niliigusa kama shavu la mtoto.

Mume wangu alipofariki, kibanda sikukigusa tena. Kati ya chumba cha kofia na kibanda kuna mlango mfupi, nikautia komeo kwa ndani, basi. Nikabaki na vichwa vyangu, sala zangu na pasi yangu.

Sasa turudi siku ile.

Nilitoka kupeleka mashuka. Nikaingia chumbani kupangusa vumbi. Kofia nyeupe ikawa imegeukia ukuta.

Niliangalia komeo la mlango mfupi. Liko mahali pake, limefungwa. Dirisha lina nondo. Hakuna kilichovunjwa, hakuna kilichochukuliwa.

Nikatoa simu nikampigia mwanangu.

Haipatikani.

Nikapiga tena. Haipatikani.

Nikakishika kile kichwa kwa mikono miwili, nikakirudisha kitazame mlango. "Hapana," nikasema kwa sauti. "Wewe hujashuka bado. Nasema hujashuka!"

Nikatoka nikifunga mlango kinyumenyume.

Jirani yangu ni msusi, anasukia watu barazani kwake. Nikamweleza.

"Labda panya, dada."

"Panya anageuza kichwa cha mti?"

"Panya wa siku hizi wameshiba." Akavuta nywele za mteja, mteja akaguna. "Au mzee amekuja kukagua kama unapangusa vumbi vizuri. Si ulisema alikuwa na nongwa na vumbi?"

Mteja akacheka. Mimi nilikumbuka ufunguo ulioko kwenye mfuko wa koti, chini ya udongo, nikaondoka.

Kesho yake nikapeleka mashuka mbiombio na kurudi. Nikafungua.

Imegeuka tena.

Na safari hii palikuwa na kitu kingine. Harufu.

Gundi ya viatu.

Harufu ile ililala ubavuni mwangu muda wote wa ndoa yangu. Nilikuwa nafua mashuka haitoki. Na tangu tulipomzika, haikuwahi kusikika ndani ya nyumba ile. Sasa ilikuwa imejaa chumbani, mbichi kabisa, kana kwamba kopo limefunguliwa muda huo huo.

Nikajikuta nimepiga magoti katikati ya vile vichwa.

"Bwana," nikasema, "kama ni mume wangu, mwambie arudi alikolala, nitakuja kumwona kaburini. Na kama ni habari ya mwanangu, nieleze Wewe mwenyewe. Usinitumie mtu."

Nikairudisha kofia. Safari hii sikuongea nayo. Niliogopa itajibu.

Bado niko pale nikasikia msusi ananiita kwa sauti ambayo si yake. "Dada! Dada, njoo usikie!"

Redio yake ilikuwa imepandishwa hadi mwisho. Mtangazaji anasema ndege ya jeshi yenye viti viwili imeanguka siku chache zilizopita. Rubani mmoja amefariki dunia. Mwenzake amenusurika. Majina yatatolewa baadaye.

Msusi akaweka kitana chini. Mteja wake, nusu kichwa kimesukwa, nusu kimesimama, akanishika mkono bila kunijua.

Hakuna aliyetaja panya tena.

Simu ya mwanangu haipatikani. Kambini nako kila niliyempata ananihamishia kwa mwingine, wa mwisho akasema, "Subiri mama, utajulishwa." Jamani, mtu akishakwambia utajulishwa, unabaki na nini?

Viti viwili. Mmoja amekufa, mmoja mzima. Na kofia inayokataa kutazama mlango.

Usingizi wa usiku ule msiniulize.

Asubuhi sikwenda kazini. Niliingia chumbani, nikaikuta kofia nilivyoiacha, inatazama mlango. Nikaweka mkono, nikasali. Nikatoka, nikafunga, nikatandika meza ya kupigia pasi sebuleni, mahali ambapo mlango wa chumba kile nauona. Nikasema, leo atakayepita atapita mbele ya macho yangu, awe mtu, awe kivuli.

Nilikuwa naanza shuka la pili gari la jeshi lilipozima mbele ya nyumba.

Akashuka ofisa mmoja. Akaja hadi mlangoni. Na kabla hajapiga hodi, akavua kofia.

Mume wangu aliwahi kuniambia: mwanajeshi akivua kofia kabla hujamsalimu, kaa chini.

Sikukaa. Niliganda na pasi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Sema hapo hapo ulipo, mwanangu. Usiingie nayo ndani."

"Mama?"

"Umevua kofia. Sema!"

Akaitazama kofia yake, kisha akatazama juu. "Mlango wenu wa mbele uko chini, mama. Niliogopa kugonga kichwa."

Moshi ukaanza kupanda. Pasi ilikuwa imelitoboa shuka la watu. Nikainyanyua.

"Mwanao yuko hapa?" akauliza.

"Kwani hayuko kwenu?"

"Mama, mwanao yu hai. Aliyefariki ni mwenzake, yule waliyekuwa pamoja tangu mafunzo. Mwanao alipata michubuko tu. Lakini ametoka hospitali bila kuaga, na simu ameizima. Mazishi ni kesho. Tuna wasiwasi naye."

Niseme ukweli wa Mungu. Katika maneno yote yale mimi nilisikia mawili tu. Yu hai.

Nikaanguka magoti na pasi yangu. "Asante Mungu!" nikapiga kelele mpaka kuta zikaitikia. "Asante, Bwana! Si wangu! Si wangu!"

Ofisa akatazama viatu vyake.

Alipoondoka, machozi yananitiririka, nikavua ufunguo shingoni nikafungua chumba. Nilitaka niweke mkono juu ya kofia ile nishukuru.

Kofia ilikuwa inatazama ukuta.

Ndugu zangu, mimi sikuwa nimetoka ndani ya nyumba ile. Mlango niliulinda mwenyewe. Ufunguo ulikuwa kifuani kwangu. Na mwanangu yu hai, nimeambiwa na mtu mwenye nyota mabegani.

Basi huyu anayegeuza anamgeuzia nani?

Wazo likaja baridi kama maji. Yu hai kwa ofisa. Ametoroka, simu ameizima, wana wasiwasi naye. Mtu hawezi kuokoka angani halafu akajimaliza chini?

Harufu ya gundi ilikuwa kali kuliko jana. Na chini ya harufu kulikuwa na sauti. Nyembamba, ya kubanwa. Mtu analia huku ameuma nguo.

Inatoka nyuma ya mlango mfupi. Kibandani kwa marehemu.

Ningekimbia. Msusi yuko hatua chache, ningepiga yowe mtaa mzima ukaja. Lakini nilijikaza kisabuni, nikafika pale mlangoni, nikaweka shavu kwenye ubao.

"Baba," nikanong'ona. "Kama ni wewe, nimekukosea nini? Mbona unamgeuza mtoto wetu? Mwache aishi. Nichukue mimi."

Kilio kikakatika.

Kisha ubao ukaongea, pale pale kwenye shavu langu.

"Mama. Si baba. Ni mimi."

Nilipiga yowe ambalo mpaka leo msusi ananicheka nalo. Na kule upande wa pili naye akapiga lake, kwa kushtushwa na yowe langu, tena lake lilikuwa kubwa kuliko langu.

Mlango ukatikisika. Haukufunguka upande wa komeo, ukafunguka upande wa bawaba. Pini za bawaba zile ziko upande wa kibandani. Tangu utotoni alikuwa akizichomoa, akipita kuchezea kofia za baba yake wakati sisi tunadhani komeo linalinda.

Akatoka mwanangu, bandeji kwenye paji la uso, gundi vidoleni, ndevu hazijanyolewa.

Nikamrukia. Nikamshika kichwa, masikio, mabega. "Asante Mungu, asante Mungu…"

Akaitoa mikono yangu taratibu.

"Ndiyo hiyo, mama. Hiyo ndiyo niliyoikimbia."

"Ipi, mwanangu?"

"Nilijua ukiniona utasema asante Mungu. Sikuweza kuisikia. Nikapitia uchochoroni, nikaja kujificha hapa nyuma, nikawa nashona shona vitu vya baba ili mikono isitetemeke. Leo nimekusikia kupitia ukuta. Si wangu, si wangu. Alikuwa wa nani basi, mama?"

Nikatafuta pa kushika, nikashika rafu.

"Na hii kofia? Kwa nini unajigeuza mwenyewe ukutani? Unataka kuniua kwa hofu?"

"Mara ya kwanza nilikusikia ukiirudisha. Mara ya pili sikukusikia, nikadhani ni baba anakataa. Nikasema, hata baba hataki ashuke." Akaifuta kofia kwa mkono wa shati. "Mama, hii si yangu."

"Si yako vipi? Nimeisalia miaka yote."

"Ni ya Kicheko."

Nikamtazama. Nikakitazama kile kichwa cha mti, kikubwa, kama tikiti.

"Tulibadilishana siku tuliyomaliza mafunzo," akasema. "Nilikuwa nimemsimulia kwamba mama yangu ataiwekea mkono kila siku na kusali. Akaniambia, basi peleka yangu, yako nitakaa nayo kwetu. Alitaka tu mkono wa mtu uwe juu yake. Baba aligundua alipopima ndani. Akaniambia tusikwambie, ukijua kofia ya mwanao iko kwa watu hutalala."

Basi lile jicho la mume wangu nikalielewa.

Na maneno ya yule kijana yakanirudia yote. Haya, si neno. Wewe weka tu huo mkono. Unatosha.

Nilikuwa nimeweka mkono juu ya kichwa cha mtoto wa mwenzangu, asubuhi baada ya asubuhi, nikataja jina la wangu.

Nikaishika ile kofia kwa mikono miwili. Hofu ilikuwa imeniisha, na kilichobaki kilikuwa kizito kuliko hofu. Nikaigeuza mwenyewe, taratibu, ikatazama ukuta. Nikavua kitambaa changu kichwani. Mwanangu akasimama kando yangu. Tukanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza baba yake.

Kisha nikamwambia, "Kanawe uso. Unanipeleka kwa mama yake."

"Mama, siwezi."

"Hata mimi siwezi. Twende."

Alimpigia ofisa wake njiani, akamwambia yuko na mama yake na mazishini atafika. Mimi nilikuwa nimeipakata kofia pamoja na kichwa chake, nimeiviringisha kwenye shuka jeupe nililolinyoosha vizuri.

Tulikuta msiba. Yule mkunga alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, mwanamke mkavu wa mikono mikubwa. Alipomwona mwanangu akanyoosha mkono bila neno, mwanangu akaanguka mapajani mwake, akalia kama mtoto mchanga. Akawa anampigapiga mgongoni, kwa mazoea ya kazi yake.

Mimi nikaufungua mzigo. "Dada," nikaanza, "nimekuletea kofia ya mwanao. Mimi nilikuwa sijui. Naomba unisamehe. Niliisalia, lakini…"

"Najua," akasema.

"Unajua nini, dada?"

Akaonyesha kwa kidevu. Juu ya kabati, kati ya beseni lake la kazi na taa, kulikuwa na kofia nyeupe, ndogo. Safi, haina punje ya vumbi.

"Mwanangu aliniambia siku ile ile. Mama, hii ni ya mwenzangu, usije ukadhani yangu. Mimi si mtu wa ibada, dada. Kutwa niko na wajawazito, sala zenyewe sizijui vizuri. Ila kila nilipoipangusa nilimtaja mwanao kwa jina. Nikasema, wewe mtoto wa watu, ushuke salama."

Akamtazama mwanangu aliyelala mapajani mwake.

"Ameshuka," akasema.

Kisha akasema tena, kwa sauti ya mtu anayejiambia mwenyewe. "Ameshuka."

Nilitamani sakafu ifunguke. Nikakaa kando yake, bega kwa bega. Hakunisogeza, wala hakuniuliza kitu. Tulikaa hivyo mpaka watu wakaanza kuingia.

Kofia ya Kicheko alikataa kuichukua. Alisema ikae palepale ilipozoea mkono. Nayo ya mwanangu akaomba aendelee kuipangusa, kama sitajali. Ningejali nini?

Basi iko kwangu mpaka leo, rafu ya katikati, inatazama ukuta. Bado naiwekea kiganja kila asubuhi kabla ya mashuka. Sasa nalitaja jina lake, jina alilopewa na mama yake, si lile la utani nililombandika mimi.

Wewe mama unayesoma hapa, au baba, mwenye mtoto barabarani, kazini, vitani au angani. Mwombee, ni haki yako. Lakini ndege ile ina viti viwili. Kabla hujasema amina, muulize mwanao anayekaa kiti cha pili anaitwa nani.